Karatasi ni Amana

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, haikushuka kwa habari ya sala wala ya saumu. Imeshuka kwa habari ya deni na namna ya kuliandika: pawepo mwandishi mwadilifu, pawepo mashahidi, na muda wa kulipa utajwe, hata deni likiwa dogo. Ajabu ni kwamba wengi wetu hapa Mpanda twaisoma aya hii kwa tajwidi nzuri, kisha twakopeshana fedha za mpunga na za tumbaku kwa maneno matupu, na msimu ukiisha twagombana hata twanyimana salamu.

Makala haya twawaelekezea vijana wetu, wake kwa waume, waliopata kazi katika ofisi za halmashauri, shule, zahanati, vyama vya msingi na kamati za misikiti. Twawaelekezea pia wazazi wao, kwa kuwa tabia ya kutunza maandishi huanza nyumbani. Neno letu ni moja: karatasi ya mtu iliyo mkononi mwako ni amana kama fedha zake. Kuiandika ovyo au kuipoteza ni kumdhulumu mwenyewe.

Mfano ulio karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Watu wengi waliikimbia Burundi mwaka 1972, na katika nchi yetu hii ya Katavi wakapewa makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo. Mwaka 2007 walipewa hiari: ama warudi kwao, ama waombe uraia wa Tanzania. Wao pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, waliokubaliwa uraia walizidi watu 162,000, na jambo hilo lilitimia mwaka 2010. Lakini vyeti vyenyewe havikuanza kutolewa mpaka mwaka 2014.

Kuchelewa kule hakukuwa kosa la makarani, maana kulikuwa na mashauri makubwa ya serikali, hasa juu ya mahali watakapokaa raia hao wapya. Hata hivyo twapata funzo. Kwa miaka ile mtu alikuwa amekwisha kukubaliwa, naye hana waraka mkononi wa kuonyesha. Na nyuma ya kila cheti palikuwa na fomu, na ndani ya fomu jina la mtu, la babake na la wanawe. Wazia kazi ya karani katika hesabu kubwa namna hiyo! Akiruka mstari mmoja, hajakosea wino tu. Amemwacha mwana wa mtu nje ya mlango.

Majina yetu na mahali petu

Sisi tufundishao madrasa twaiona shida ya majina kila mwaka tunapoandikisha watoto. Muhammad huandikwa Mohamed, na pengine Muhamadi. Uthman huwa Othman, na Athumani. Binti huitwa Hadija katika cheti cha kuzaliwa, Khadija katika cheti cha shule, na Hatija katika kitambulisho cha taifa. Nyumbani ni binti mmoja, lakini ofisini ni watu watatu. Siku babake atakapofariki, na mafao yakadaiwa, ataambiwa alete kiapo cha kuthibitisha kwamba wote watatu ni yeye. Atatumia nauli na siku zake kwa ajili ya herufi moja. Basi mzazi na achague namna moja ya kuliandika jina, aishike, na asiondoke dirishani kabla hajaisoma karatasi aliyopewa.

Mahali petu nako kumebadilika. Kabla ya mwaka 2012 Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, makao yake Sumbawanga. Mwaka ule ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Halmashauri nazo zikagawanyika, hata leo Katumba imo katika Nsimbo na Mishamo imo katika Tanganyika. Hati ya zamani haikuwa batili kwa kuwa yasema Rukwa, lakini karani asiyejua tarikh hii aweza kumrudisha mzee mwenye haki yake. Ndiyo maana twasema kwamba karani mwema huijua nchi yake kabla ya kuijua kalamu.

Wema waliotutangulia

Wapokezi wa tarikh wasimulia kwamba Abu Musa al-Ash'ari, liwali wa Basra, alimwandikia Khalifa Umar bin al-Khattab kumweleza kuwa nyaraka zake zawafikia bila ya tarehe. Yasimuliwa pia kuwa Umar aliletewa hati iliyotaja mwezi wa Shaabani tu, akauliza ni Shaabani ipi. Ndipo Masahaba wakashauriana, wakakubaliana kuihesabu miaka tangu Hijra ya Mtume, rehema na amani zimfikie. Basi kalenda yetu tunayoihesabia Ramadhani na Hija ilipata mwanzo wa miaka yake kwa haja ya kupanga barua za ofisi!

Mtazame naye Zaid bin Thabit, alipoamrishwa na Abubakar kuikusanya Kurani. Mwenyewe alikuwa amehifadhi, lakini hakutosheka na kumbukumbu ya kichwa chake. Alikusanya vipande vilivyoandikwa, akavilinganisha na vifua vya waliohifadhi. Na wakati wa Uthman, iliponakiliwa misahafu ya kupelekwa miji mikubwa, hakuachiwa peke yake, bali alipewa wenziwe. Ikiwa mtu kama Zaid alitaka ushahidi na alipewa wasaidizi, sisi ni nani hata tupeleke barua bila ya kuisoma mara ya pili?

Mambo ya kufuata kazini

Kwanza, jua unalotaka kusema kabla hujaandika. Barua moja na ichukue jambo moja, na kichwa chake kilitaje waziwazi. Weka tarehe na kumbukumbu namba, na ikiwa wajibu barua, itaje ile unayoijibu. Lugha iwe fupi na ya adabu. Maneno makubwa hayamwongezei mwandishi heshima, bali humwongezea msomaji kazi.

Pili, hariri. Andika, ondoka kidogo, kisha rudi usome kwa sauti, kwa maana sikio hushika kosa ambalo jicho limeliruka. Majina, tarehe na hesabu ya fedha vitazame peke yake, kimoja kimoja, ukilinganisha na karatasi ulikovitoa. Kisha mpe mwenzako asome, wala usikasirike akikuonyesha kosa, kwa kuwa amekusitiri kabla hujafedheheka mbele za watu.

Tatu, panga. Katika masjala, kila jambo lina jalada lake, na kila jalada lina namba yake. Karatasi zipangwe kwa kufuatana na tarehe, kila moja na namba yake, ili ikitoka ijulikane. Jalada likichukuliwa, iandikwe nani amelichukua na lini. Wala hii si hiari ya mtumishi wa umma, kwani ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, namba 3 ya mwaka 2002.

Nne, kompyuta nayo ni masjala. Faili lililoitwa "barua mpya" litafuatwa na "barua mpya ya mwisho", na baada ya mwezi hata mwandishi wake hajui ipi ndiyo iliyopelekwa. Anza jina la faili kwa mwaka, mwezi na tarehe, kisha jambo lenyewe, nayo yatajipanga yenyewe. Weka nakala mahali pengine, maana umeme hukatika na mashine hufa.

Tano, jibu watu. Mwananchi aliyetoka Karema au Mwese kwa safari ya kutwa hastahili kuambiwa "njoo kesho" na mtu asiyejua kesho patakuwa na nini. Mwambie shauri lake limefika wapi, lasubiri nini, na lini arudi. Na yaliyomo ndani ya jalada usiyatoe barazani, kwa kuwa siri ya mtu ni sehemu ya amana yake.

Kijana apendaye kazi hii asidhani yapatikana kwa kubahatisha. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tabora, mji tunaoufikia kwa reli yetu kupitia Kaliua, na hufundisha uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Wazazi wasiidharau kazi hii kwa kuiita ya karatasi tu. Haki za watu zimelala katika karatasi hizo.

Nyumba nayo ina masjala yake

Mwisho twawageukia wenye nyumba. Mtu afapo, deni lake hutangulia kulipwa kabla ya warithi kugawana. Ikiwa hakuandika anachodaiwa na anachodai, mayatima wataonewa kwa pande mbili: atakuja mwongo kudai asichokopesha, na mdaiwa wa kweli atanyamaza. Mahakamani nako wataulizwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari ulioandikwa bila ya tarehe, bila ya majina kamili wala sahihi za waliohudhuria, waweza kuwarudisha nyumbani.

Basi kila nyumba na iwe na sanduku moja au mfuko mmoja usioingia maji wala mchwa. Ziwekwe humo hati za shamba na kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa na vya shule, stakabadhi za mazao, wasia, na daftari la madeni. Mume na mke wote wawili wajue lilipo. Na mtoto aliyekwisha kujua kusoma apewe kazi ya kuliandika daftari hilo mbele ya wazazi wake. Atajifunza hati nzuri, hesabu na uaminifu kwa pamoja, na siku atakapokabidhiwa jalada la mtu mwingine, mkono wake utakuwa umekwisha kuzoea amana.

Wabillahi tawfiq.