Mafuta ya Sungura: Nani Alipe?

Ng'ombe akila mafuta ya alizeti, bakteria wa tumbo lake la kwanza huyageuza kabla hayajafika kwenye nyama. Sungura hana tumbo hilo. Bakteria wake wengi wako nyuma, kwenye utumbo mpana, na huko chakula hufika baada ya utumbo mdogo kunyonya mafuta. Mafuta aliyokula ndiyo yanayojikusanya kuzunguka figo na kwenye mapaja, hivyo mfugaji anaweza kuchagua mafuta ya nyama yake kwa kuchagua chakula.

Mashudu ya alizeti hupatikana kirahisi, hasa Singida na Dodoma, lakini si yote sawa. Yatokayo kwenye mashine ndogo ya kukamulia hubaki na mafuta mengi. Ya kiwanda kinachotumia kemikali yamekamuliwa karibu yote. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti kwa kawaida ni omega-6. Sungura hunenepa vizuri, ila mafuta yake huwa laini na nyama huwahi kunuka ikikaa. Mawese hutoa mafuta magumu zaidi, yanayovumilia friji, ila omega-3, ambayo mnunuzi huambiwa ailipie zaidi, usitarajie.

Yenye omega-3 ni mbegu ya kitani: nusu au zaidi ya mafuta yake. Sasa piga hesabu. Kumtoa sungura gramu 700 mpaka kilo 2.2 huchukua kama kilo 5 za peleti. Tuseme kitani kimepandisha bei ya chakula kwa shilingi 100 kila kilo. Hizo ni shilingi 500 kwa sungura, na kwa kuwa akichinjwa hubaki kilo 1.2 hivi, kila kilo ya nyama imepanda zaidi ya shilingi 400. Ukimlisha kitani wiki tatu za mwisho tu, gharama hiyo hushuka, na mafuta hubadilika hata kwa muda huo mfupi. Bajeti iwe na vitamini E pia, maana mafuta ya kitani huharibika haraka kuliko ya alizeti.

Mimi ningeanza na majani. Mafuta yake ni machache mno, lakini sehemu kubwa ni omega-3, na matembele yaliyonyaushwa karibu hayana bei. Sungura atachelewa kufikia uzito wa kuuza. Hiyo ndiyo gharama yake. Dagaa wa kusaga nao wana omega-3, lakini wakizidi, nyama hunuka samaki, na mteja huyo harudi.

Kwa mnunuzi, angalia kipande. Sarara ina mafuta asilimia 1 au 2 tu, kwa hiyo kulipia omega-3 humo ni kulipia kitu kidogo sana. Mengi yamezunguka figo, na mpishi huyatupa. Paja lina zaidi, na bei yake ni nafuu kuliko ya sarara mahali pengi ambako vipande huuzwa kimoja kimoja. Muuzaji akidai bei ya juu, muulize sungura alilishwa nini wiki tatu za mwisho.