Gari la umeme: Akiba ya petroli yaweza kuliwa na betri

MFANYABIASHARA anayepitia orodha za magari yaliyotumika yanayouzwa kutoka Japani hukuta Nissan Leaf, gari dogo linalotumia umeme mtupu, likiwa na bei isiyopishana sana na ya magari ya petroli ya ukubwa wake. Swali linalofuata ni la mtaji: je, gari hilo litapunguza gharama za kila siku, au litamrudishia mnunuzi hasara kwa mlango wa nyuma?

Jibu linategemea mambo matatu. La kwanza ni kilomita zinazotembewa kwa siku, la pili ni bei ya umeme, na la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni hali ya betri.

Hesabu ya barabarani

Leaf hutumia wastani wa uniti 18 za umeme kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida hulipa Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi. Ikijumlishwa kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine, uniti moja hufika kama Sh. 356. Kilomita 100 basi hugharimu Sh. 6,400.

Gari la petroli la injini ndogo linalokula lita 8 kwa umbali huo huo, lita ikiwa kwa mfano Sh. 3,000, litatumia Sh. 24,000. Tofauti ni Sh. 17,600 kwa kila kilomita 100.

Mwenye duka Kariakoo anayeishi Mbezi hutembea kama kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi hizo ni kilomita 1,040, na akiba yake ni kama Sh. 183,000 kwa mwezi, yaani Sh. milioni 2.2 kwa mwaka.

Aidha, gari hili halina oili ya injini ya kubadilisha, wala plagi, wala mkanda wa taiming. Breki nazo huchelewa kuisha kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo. Matairi, bushi, shokapu na betri ndogo ya volti 12 hubaki kuwa gharama kama kwa gari lingine lolote.

Mita ya nyumbani

Kuchaji hakuhitaji kituo maalumu. Soketi imara ya nyumbani hutosha, lakini huchukua muda. Betri ndogo ya Leaf iliyokaribia kuisha huhitaji usiku mzima kujaa. Waya chakavu na soketi iliyolegea hupata moto kwa kazi hiyo ya saa nyingi mfululizo, hivyo fundi umeme aitwe kabla gari halijafika, na gharama yake iingizwe katika bei ya gari.

Jambo jingine ni kundi la mteja. Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hulipa bei nafuu ya Sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi. Gari la kilomita 1,040 peke yake hutaka uniti 187. Familia iliyokuwa katika kundi hilo itatoka, na taa, feni na friji navyo vitaanza kulipiwa kwa bei ya juu. Ongezeko hilo nalo ni gharama ya gari. Nchini Kenya hali ni tofauti kidogo: mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, na bei ya saa za usiku ikawa nusu ya ile ya mchana.

Kukatika kwa umeme hakuwezi kupuuzwa. Tanzania ilipita katika mgawo mwishoni mwa mwaka 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Mwenye gari la petroli hukuta kituo kimewasha jenereta. Mwenye gari la umeme aliyekosa umeme usiku huamka na gari lisilotoka.

Betri ndiyo mtaji

Leaf za kwanza, zilizotoka kiwandani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, toleo la 2014 lilitembea kilomita 135 likiwa jipya. Toleo la betri ya uniti 40, lililoanza mwishoni mwa 2017, lilipimwa kilomita 243.

Betri hizi hupozwa na hewa tu, bila mfumo wa maji, na joto huzichosha mapema. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la joto kali nchini Marekani, walilalamika kuwa magari yao yamepoteza umbali baada ya muda mfupi. Baadaye kampuni ilitoa dhamana ya miaka mitano au maili 60,000 kwa betri itakayoshuka chini ya vistari tisa kati ya 12 vinavyoonekana kwenye dashibodi. Dar es Salaam haifikii ukali wa Arizona, lakini joto lake ni la mwaka mzima.

Gari la uniti 24 lenye vistari tisa limebakiwa na takriban asilimia 70 ya uwezo wake. Kilomita 135 zimekuwa 95, na kwa foleni pamoja na kiyoyozi ni busara kuhesabu 70 hadi 80. Kwa safari ya Mbezi na Kariakoo zinatosha. Kwa Morogoro, umbali wa kama kilomita 190, hazifiki hata nusu ya njia.

Hapo ndipo mwenye teksi anapokwama. Anayetembea kilomita 120 kwa siku angeokoa Sh. milioni 6.6 kwa mwaka, mara tatu ya mwenye duka. Lakini betri iliyochoka haiwezi kubeba kazi yake bila kusimama, na saa tatu kwenye soketi ya kawaida humwongezea kama kilomita 40 tu. Saa hizo ni za abiria. Yeye anahitaji betri kubwa yenye afya, ambayo bei yake ni ya juu.

Kuokoa mafuta peke yake hakuhakikishi biashara. Jijini Nairobi, kampuni ya teksi ya NopeaRide ilianza mwaka 2018 ikitumia Leaf, ikajenga na vituo vyake vya kuchajia. Ilifunga shughuli mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama iliyoko Finland kufilisika.

Kutenga akiba

Tuchukue mfano kwamba betri nyingine, pamoja na ufundi, itagharimu Sh. milioni 10. Mwenye duka akipanga kuibadilisha baada ya miaka mitano, atenge Sh. milioni 2 kila mwaka. Akiba yake ya Sh. milioni 2.2 inabaki Sh. 200,000. Mwenye teksi anayeichosha kwa miaka mitatu atenge Sh. milioni 3.3, na anabakiwa na kiasi kama hicho. Asiyetenga ataona faida mfukoni kila mwezi, kumbe anakula mtaji.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai picha ya dashibodi ikionyesha vistari na umbali baada ya kuchaji kikamilifu. Vistari pekee visiaminiwe, kwani wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya betri ili vyote 12 vionekane, kisha hushuka tena baada ya gari kutumika. Kipimo bora ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, kwa programu kama LeafSpy, ambacho hutoa afya ya betri kwa asilimia.

Umri nao uangaliwe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililopita umri huo. Leaf ya bei rahisi mnadani ndiyo mara nyingi yenye umri mkubwa na betri iliyochoka.

Kwa anayetembea umbali mfupi unaojulikana, mwenye maegesho yake na umeme wa uhakika, gari hili lina hesabu nzuri iwapo betri ni nzima. Anayesafiri mikoani, au anayepanga nyumba isiyo na mahali pa kuchajia, bado petroli itamfaa.