Zamu Yako: Mvuto wa Michezo ya Mikakati na Msamiati wa Bao

Michezo ya tarakilishi hutajwa aghalabu na wanafunzi wa lugha kama jambo la kigeni, lisilo na mizizi wala istilahi katika Kiswahili. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Yanaeleza kwa nini michezo ya fantasia ichezwayo kwa zamu, iliyobuniwa katika miaka ya 1990, ingali inapendwa, na yanadai kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika bao la barazani, mchezo ambao Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kilindini, iliujua kabla ya kuijua tarakilishi.

Tuanze na mfano. Heroes of Might and Magic III ilibuniwa na kampuni ya New World Computing na kutolewa mwaka 1999. Mchezaji humiliki ngome na mashujaa, hukusanya dhahabu, mbao na vito, kisha huajiri majeshi ya wanadamu na majoka. Kila zamu ni siku moja. Siku 7 huwa juma, na juma jipya liingiapo, askari wapya hupatikana ngomeni. Amalizapo hesabu zake, mchezaji huifunga siku na kumpisha mwenzake. Watu kadhaa waweza hata kupokezana tarakilishi moja, kama wafanyavyo wawili walioketi kwenye ubao mmoja.

Mvuto wa kwanza ni muda. Katika michezo ya papo kwa papo, mwenye vidole vyepesi huweza kumshinda mwenye fikra nzito. Katika mchezo wa zamu, ulimwengu mzima husubiri uamuzi wa mtu mmoja. Anayeona kwamba huko ni kupoteza wakati hajamtazama mchezaji wa bao akiwa ameshika kete mkononi, macho yakizunguka ubaoni, kabla ya kutia hata moja.

Mvuto wa pili ni uwajibikaji. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Katika hatua ya namua, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, akiingiza moja kwa kila zamu. Akiba ikiisha, hatua ya mtaji huanza. Hakuna dadu wala kilichofichwa. Mchezaji akila, na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake wakati wa namua, ana hiari: alale na kuihifadhi nyumba, au aivunje na kuendelea. Akishindwa baadaye, hana wa kumlaumu. Ni kweli kwamba Heroes huficha sehemu ya ramani gizani na huacha nafasi ya bahati vitani. Hata hivyo, swali lake kuu ni lile lile la nyumba: nitumie nilichoweka sasa, au ningoje?

Mvuto wa tatu ni fantasia inayotii kanuni. Msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anakumbuka kisa cha kikoa. Walaji walipeana zamu za kuukwea mkoma na kuwaangushia wenzao matunda, na njama ilikuwa kumpiga Liyongo mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, Liyongo aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Hakuikataa zamu wala hakuivunja kanuni. Alipata ndani ya kanuni hoja ambayo maadui hawakuihesabu. Kisa hiki kinatufurahisha kwa sababu shujaa mwenye nguvu zipitazo za kibinadamu anaokolewa na akili. Furaha hiyo hiyo humpata mchezaji ambaye jeshi lake dogo limelishinda jeshi la majoka kwa mpango bora.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini vijana wetu huisimulia michezo hii kwa Kiingereza? Hapa ndipo penye hasara. Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Zamu tunayo. Kulala ni kuimaliza zamu. Namua yaweza kuwa hatua ya kujipanga kabla ya makabiliano makubwa, na mtaji hatua ya makabiliano yenyewe. Kutakata ni kucheza zamu isiyo na kula, na nyumba ni hazina ilindwayo. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927-2017) alituonyesha kwa neno runinga kwamba chombo kipya chaweza kupewa jina kutoka katika hazina ya zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, naye alilitungia bao shairi. Mchezo huu haukuwahi kuwa mbali na fasihi yetu.

Alexander de Voogt alichunguza ubingwa wa bao, akiwatafiti mabingwa wa Zanzibar, katika tasnifu aliyoiwasilisha Leiden mwaka 1995. Hapana budi nasi tuketi barazani na daftari, tuwasikilize wachezaji wakibishana, na tuandike maneno yao pamoja na maana zake. Mchezo ukikosa wachezaji, istilahi zake hukosa wasemaji. Kijana ajuaye kumwambia mwenzake mbele ya tarakilishi kwamba amelala, na kwamba sasa ni zamu yake, atakuwa amelihifadhi bao hata kabla hajagusa kete.