Kutoka Tembo hadi Siki: Asidi Moja na Majina Yake

Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kuitaja methali ya mgema asifiwaye akalitia tembo maji, tukamhukumu mgema kwa kiburi chake. Aghalabu hatuulizi ni kitu gani kinacholiharibu tembo hata pale ambapo mgema hakulitia tone la maji. Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo, kwa kuwa jibu lake linagusa kemia na istilahi zetu kwa pamoja.

Huko Ganda, karibu na mji wa Malindi, kama ilivyo kwingi katika Kaunti ya Kilifi, mgema huparaga mnazi asubuhi na jioni, akalikata kwa kotama shada changa la maua lililo bado ndani ya karara, kisha akatega chombo. Utomvu udondokao humo ni mtamu. Sukari yake hukaribia asilimia 12 hadi 18. Hilo ndilo tembo tamu. Lakini hamira za asili zilizomo hewani na chomboni huanza kazi papo hapo, zikaigeuza sukari kuwa alkoholi, na kabla siku haijaisha limekuwa tembo kali. Halikomi hapo. Bakteria wa jamii ya Asetobakta, ambao hawawezi kazi hiyo bila oksijeni, huishambulia alkoholi na kuifanya asidi. Tembo huchacha, na baada ya siku kadhaa huwa siki. Methali, basi, inamlaumu mgema kwa maji ilhali adui yake mkubwa ni hewa! Aliyekosa wanunuzi hadi kesho yake amebaki na hasara chomboni. Kule Goa na Ufilipino hasara iyo hiyo ni bidhaa: siki ya mnazi hutengenezwa makusudi.

Asidi yenyewe huitwa asidi ya asetiki. Molekuli yake ina atomi mbili tu za kaboni, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, pamoja na propioniki yenye kaboni tatu na butiriki yenye nne. Huenda msomaji akashangaa kuona siki ikiwekwa katika ukoo mmoja na mafuta. Ushahidi uko juu ya mnazi ule ule. Seli za nazi huunda mafuta kwa kuunganisha vipande vya kaboni mbili mbili vitokanavyo na asetili, yaani umbo la asidi hii linalobebwa na koenzaimu A, ambayo uvumbuzi wake ulimpa Fritz Lipmann Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Vipande sita hufanya asidi ya lauriki yenye kaboni 12, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Tui na siki, kwa hiyo, ni ndugu, ingawa shada lililogemwa halizai nazi na mwenye mnazi hana budi kuchagua.

Wanyama nao wamo. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe vijidudu huchachusha nyasi, na asidi ya asetiki ndiyo itokayo kwa wingi zaidi. Sehemu yake huishia kuwa mafuta ya maziwa. Utumbo wetu mpana hufanya vivyo hivyo na nyuzinyuzi za chakula. Ama mnywaji wa tembo, ini lake huigeuza alkoholi kwanza kuwa asetaldehaidi, iliyo sumu, kisha kuwa asetati: njia ile ile ipitwayo na bakteria chomboni.

Sasa tugeukie majina. "Asetiki" hutokana na neno la Kilatini *acetum*, yaani siki. "Butiriki" na neno la Kiyunani la siagi. Wazungu walichota istilahi zao jikoni. Nasi tuna siki, chachu, uchachu na kitenzi -chacha, ambacho tui huchacha, wali huchacha na hata vita huchacha. Kwa nini tusiseme "asidi ya siki"? Atakayepinga atadai kwamba istilahi sharti ilingane na ya kimataifa. Hoja hiyo ina uzito maabarani, ambako lebo ya chupa husomwa na wageni. Katika vitabu vya Kiswahili vya sayansi, hata hivyo, sioni hasara ya kuyaandika majina yote mawili sambamba, lile la siki likitangulia.