Mguu wenye ganzi na pedeli za mashindano havipatani

Fikiria gari moja la familia lenye madereva wawili. Asubuhi analiendesha mama, mgonjwa wa kisukari kwa miaka 12, akiwapeleka watoto shuleni. Jioni analichukua kijana wake mkubwa, mpenzi wa mashindano ya magari. Wiki iliyopita kijana alinunua pedeli za alumini zinazong'aa, akazifunga juu ya zile za mpira zilizokuja na gari. Mama alipoulizwa anazionaje, alijibu, “Mbona sihisi tofauti yoyote, mwanangu?”

Jibu hilo ndilo linalotakiwa kuishtua familia. Pedeli zimebadilika umbo, upana na hata ugumu, na mguu wake haujatambua.

Mguu ndio jicho la breki

Dereva haangalii chini anapofunga breki. Mishipa ya fahamu ya unyayo ndiyo inayoupa ubongo taarifa: nimekanyaga pedeli ipi, kwa nguvu kiasi gani, katikati au pembeni. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huiharibu mishipa hiyo, kwa kawaida ikianzia vidoleni na kupanda taratibu. Wengine husikia miguu ikiwaka moto usiku, kuchomwa kama sindano, au kuhisi kama wanatembea juu ya sponji. Wapo pia wasiosikia chochote, na hao ndio huchelewa kujua.

Barabarani, kuchelewa kidogo tu kuna gharama. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Nusu sekunde ya mguu kuitafuta breki ni zaidi ya mita 8, umbali unaotosha kulipitisha gari kwenye kivuko cha watoto wa shule.

Zilitengenezwa kwa kazi nyingine

Pedeli za mashindano si urembo mtupu. Dereva wa mashindano hukanyaga breki kwa sehemu ya mbele ya mguu wa kulia, na wakati huohuo hugusa mafuta kwa ukingo au kisigino cha mguu huohuo, ili injini iongeze mzunguko kabla ya kushusha gia. Kwa sababu hiyo pedeli nyingi za aina hiyo ni pana na hupunguza nafasi kati ya breki na mafuta. Dereva huyo huvaa kiatu chembamba chenye soli nyembamba, na amefanya mazoezi mengi.

Mpe pedeli hizohizo mama mwenye kiatu kipana na unyayo wenye ganzi. Anaweza kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja bila kujua. Chuma kikilowa maji ya mvua huteleza kuliko mpira, na skrubu zikilegea pedeli huhama. Akiendesha peku, kingo kali zinaweza kumkata, na chuma kilichopigwa na jua kinaweza kumuunguza bila kuhisi maumivu. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kidogo cha mguu kisichotibiwa mapema kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Kitu chochote kinachoongezwa karibu na pedeli kinahitaji tahadhari hiyo, hata kapeti. Agosti 2009 watu wanne walikufa California, Marekani, baada ya kapeti lisilo la gari hilo kuibana pedeli ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota ilitoa tahadhari iliyohusu magari takriban milioni 3.8 nchini humo, ikiwataka wenye magari kuondoa makapeti upande wa dereva.

Jipime nyumbani

Kuna kipimo rahisi kilichoanzia Ipswich, Uingereza. Vua viatu na soksi, lala, ufumbe macho. Mtu wa nyumbani akuguse taratibu kwa ncha ya kidole chake, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati na kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Asibonyeze wala kukwaruza. Kila ukihisi, taja ni mguu gani. Ukikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, nenda kliniki ya kisukari ukapimwe zaidi. Mwambie daktari waziwazi kwamba unaendesha gari, na usiendeshe mpaka akuruhusu.

Si kila mwenye kisukari anatakiwa kuacha usukani. Wengi wanaendesha salama kwa miaka mingi. Kinachotakiwa ni kupima miguu walau mara moja kwa mwaka, kudhibiti sukari, na kuendesha ukiwa na viatu vinavyoshika kisigino, vyenye soli isiyo nene wala kuteleza. Ndala na viatu vya kisigino kirefu viache pembeni.

Kwa mzazi mwenye kijana

Usianze kwa kugomba. Mwombe kijana akae kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akuoneshe nafasi iliyobaki kati ya breki na mafuta. Kisha mpe kiatu chako akivae ajaribu. Mwonye pia kuhusu kufunga breki kwa mguu wa kushoto, kama wafanyavyo madereva wa mashindano. Mguu uliozoea klachi hukanyaga kwa nguvu mpaka chini, na breki ikikanyagwa hivyo, gari husimama ghafla na la nyuma likakugonga.

Kama gari linaendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, fundi arudishe pedeli zilizokuja nalo. Kisha, jioni hiyohiyo, kijana ashike miguu ya mama yake na kumfanyia kile kipimo cha vidole. Ni dakika mbili tu.