Fahamu: Kwa nini upepo hulilemea gari jepesi la wazi

Tangu Masoud Kipanya, mchoraji wa katuni, alipozindua gari lake dogo la umeme jijini Dar es Salaam mwezi wa Machi 2022, fikira ya kujiundia gari si ya kigeni tena nchini. Lakini fundi wa Njombe atakayeunda gari jepesi lisilo na paa na kuliteremsha Makambako, mji wenye upepo mwingi hata ukateuliwa kwa mradi wa umeme wa upepo, atatambua kwamba wepesi pekee hautoshi: mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara 4, na nguvu ya kuushinda mara 8.

Gari jepesi la wazi la Lotus Seven la mwaka 1957, lililouzwa Uingereza vipandevipande ili mnunuzi aliunganishe nyumbani, lilikuwa na uzito wa kilo 500 hivi, ilhali kipimo cha umbo lake dhidi ya hewa hukaribia 0.7, na cha magari mengi ya leo yenye paa ni 0.3 tu; sababu ni magurudumu yaliyo nje na hewa iangukayo nyuma ya kioo, ikazunguka vitini kwa ghasia. Kweli, kwenye mwinuko wa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni hafifu kwa asilimia 18 kuliko pwani, lakini injini isiyo na turbo nayo hudhoofika. Basi, ewe fundi, kabla ya kutafuta injini kubwa, funika kiti kisicho na abiria na usawazishe sakafu chini ya gari.