Simba wa Tsavo, Makasi na Mathe wa Sagalla: Vile Muvi Hukatwa Ndio Uamini Story

Ukitoka Voi na basi ya Nairobi, ukishapita Manyani, kuna daraja ya mto Tsavo. Wasee wengi hapo huwa wamelala ama wako kwa simu. Lakini hiyo base ndio ilizaa ile muvi mzae wako hukwambia ilimnyima usingizi: The Ghost and the Darkness, ya 1996. Val Kilmer ni Patterson, mzungu wa kujenga daraja ya reli. Michael Douglas ni mwindaji anaitwa Remington. Halafu kuna simba wawili wanakula watu kama wamepewa menyu.

Sasa shika hii. Hiyo muvi haikushutiwa Tsavo, ilishutiwa Afrika Kusini. Remington hakuwahi kuishi, ni mtu wa kutungwa. Na simba wa muvi wako na manyoya shingoni, wamependeza kama wametoka kinyozi, na wale wa ukweli wa 1898 walikuwa madume bila hayo manyoya. Ukibisha, wako Chicago pale Field Museum, wamejazwa na kusimamishwa. Patterson aliuza hizo ngozi 1924 kwa dola 5,000.

Mbona basi ukiiwatch unahisi uko hapa kwetu na moyo unadunda? Kamera imesaidia, sawa. Lakini kazi kubwa ilifanywa na watu walikaa kwa chumba ya giza wakikata na kuunga vipande, miezi na miezi. Hao ndio nataka tuongelee leo.

Kumbuka ile sini ya treni. Bibi ya Patterson anashuka stesheni akiwa amebeba mtoto. Kipande cha bibi, ametabasamu. Kipande cha nyasi zinatikisika. Kipande cha Patterson, ameona, anaanza kukimbia akipiga nduru. Tunarudi kwa bibi, hasikii, bado anatabasamu. Simba anakuja. Patterson. Bibi. Simba. Halafu pap, jamaa anaamka kwa kitanda, ilikuwa ndoto.

Angalia vile umechezwa. Simba, bibi na Patterson si lazima wawe kwa fremu moja hata sekunde moja. Kila mtu anaweza kushutiwa siku yake. Ni wewe, na akili yako, umewaweka pamoja, na umehesabu umbali kati yao kila wakati picha inabadilika. Hii ni kukata kwa zamu: huku, kule, huku, kule, na kila zamu inakuwa fupi kuliko ya nyuma. Ukifupisha vipande, mtazamaji anaanza kupumua haraka bila kujua. Halafu kuna kitu hawakuweka: hakuna dalili hata moja ya kukwambia hii ni ndoto. Hakuna ukungu, hakuna kengele. Mkataji angeweka hiyo dalili, ungekaa tu ukila njugu.

Hii mchezo ni ya kitambo. Miaka kama 100 imepita, Mrusi anaitwa Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso haujakasirika, haujafurahi, umetulia tu. Akauunga na picha ya sahani ya supu. Halafu uso ule ule na maiti ya mtoto kwa jeneza. Halafu uso ule ule na mwanamke amelala kwa kochi. Watu wakasema jamaa ni noma, ameigiza njaa, ameigiza huzuni, ameigiza tamaa. Jamaa hakuwa amefanya kitu. Maana haikuwa kwa uso, ilikuwa kwa ile picha iliwekwa kando yake.

Mimi hii kitu sikuisoma chuo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma, nikarudi Voi kukata video za harusi na matanga na kasimu kangu. Kuleshov nilimjua baadaye, baada ya kumfanyia mtu makosa.

Kulikuwa na baraza moja huko chini ya milima ya Sagalla, story ilikuwa ndovu. Kama wewe ni wa huku unajua: unapanda mahindi, unapalilia, unangoja, usiku mmoja wanatoka mbugani na asubuhi shamba ni kama uwanja wa mpira. Wengine siku hizi hufunga mizinga ya nyuki kwa ua, ndovu huogopa nyuki. Sasa mzee mmoja alisimama akaongea hadi sauti ikakatika. Nilikuwa na dakika karibu arobaini za video na nilitaka ya sekunde thelathini. Nikakata. Mahali mzee ananyamaza nilikuwa nahitaji kipande cha kufunika ule mruko, nikachukua sura ya mathe mmoja wa safu ya mbele. Sikuangalia vizuri. Mathe alikuwa anacheka.

Video ikaenda. Komenti zikaingia: huyu mama hana roho, huyu mama anachekelea shida ya mwenzake, na zingine siwezi kuandika hapa. Kilichonimaliza ni kwamba kicheko na maneno ya mzee zilikuwa zimepishana na nusu saa hivi. Ni mimi niliziweka jirani. Uso ni wake, kicheko ni chake, hakuna kitu nilibuni, na bado ilikuwa uongo mtupu.

Nilipanda boda nikaenda kuomba msamaha. Nikasema shikamoo mama, nikaanza kujieleza, yeye akaniletea kiti kwanza. Halafu akasema, "Kijana wangu, mimi nilikuwa nacheka na mjukuu. Hao ndovu walikula na ya kwangu."

Tuache hapo kidogo, nitarudi.

Sauti. Hapa wasee wengi hulala. Unajua ile muvi ya Tsavo ilishinda Oscar? Si ya Val Kilmer, si ya stori. Ilikuwa ya kuhariri sauti, mtu anaitwa Bruce Stambler. Na inaeleweka, juu simba akiwa hajaonekana, ni sauti ndio simba. Fanya jaribio moja usiku wa leo: iwatch na sauti ikiwa zero. Utaona nyasi. Nyasi tu, na wazungu wamevaa kofia. Rudisha sauti, nyasi zinakuwa kifo.

Kuna njia moja ya sauti ningependa uanze kuiskia kila mahali. Sauti ya sini inayokuja inaingia kabla picha yake haijafika. Bado unaona mtu kejani anakunywa chai, lakini tayari unaskia honi ya treni. Halafu ndio picha inahamia stesheni. Ubongo unavutwa mbele kama mtu ameshikwa mkono, hauoni mshono. Ukikata picha na sauti mahali pamoja kila wakati, video inakuwa na kwikwi. Hii peke yake itafanya video zako za harusi zikae za mtu mwenye ofisi.

Na kuficha ni ujanja mzito kuliko kuonyesha. Jaws ya 1975, papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila saa, ikabidi muvi iende kitambo bila yeye kuonekana vizuri. Mkataji Verna Fields akatumia maji, miguu ya watu na muziki. Akashinda Oscar ya uhariri. Kwa hivyo ukiambiwa huna vifaa, jua kuna mtu alishinda na kifaa kilichoharibika.

Ama cheki majirani, Wakaliga kule Kampala. Nabwana I.G.G. alitoa Who Killed Captain Alex? 2010, akiikata kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe na vipande. Nafasi ya diski ilikuwa kidogo, ikabidi afute muvi ya awali ndio apate mahali pa kazi nyingine. Iliyobaki ni ile yenye VJ Emmie anaongelea juu yake, anapiga kelele na kuchekesha, na sai dunia inaijua hivyo tu. Sisi tuna DJ Afro. Sijui kama yeye hujiona mkataji, lakini mimi namhesabu. Picha ni ile ile ya Hong Kong ama Hollywood, anaweka sauti mpya, na jambazi wa huko anakuwa msee wa mtaani. Wengi wetu tulijifunza vile story huenda kwa kibanda cha video tukiskia huyo jamaa, kabla ya mwalimu yeyote.

Sasa turudi Tsavo, juu kuna swali moja hunisumbua. Nani anapewa kipande cha uso? Muvi inafunguliwa na sauti ya Samuel, mwafrika, ameigizwa na John Kani. Fiti. Lakini mtu akiliwa, uso unaokatiwa ndio tujue tuhisi nini mara nyingi ni wa Patterson. Wale waliokuwa wanalala kwa hema, Wahindi waliletwa kujenga reli na Waafrika wa huku, wanakuwa nduru nje ya fremu. Hata idadi yao ni vita: Patterson alikuja kusema 135, wanasayansi waliopima mifupa na nywele za hao simba wakatoa makadirio 2009, karibu 35. Mzungu mmoja tunajua mpaka ndoto zake. Hao wengine hatukubaliani hata walikuwa wangapi.

Hiyo si kamera. Mtu alikuwa na picha za umati na picha za Patterson mezani, akachagua.

Kuhusu mathe. Nilifuta ile video siku hiyo hiyo nikakata nyingine. Hii ya pili ni ndefu, mzee ananyamaza na nimemwacha anyamaze, halafu mathe mwenyewe anaongea juu ya mahindi yake, kipande ambacho kilikuwa kwa simu yangu tangu siku ya kwanza na sikuwa nimekiangalia. Waliiona watu wachache sana. Ile ya kwanza watu walikuwa wameshaisevu. Juzi nimetumiwa kwa grupu la WhatsApp la mtaa, na msee aliyeituma ameandika chini, "Angalieni huyu mama."

Hajui ni mimi niliikata.